Maji ya Alhamisi

Kila Alhamisi kichwa cha Houda kilirudi kutoka mtaa wa Kinindo kikiwa kikubwa kuliko kilivyoondoka. Bibi yake, Mawazo, alikuwa akimsubiri kibarazani pa nyumba yao ya Bwiza, na mtoto akikunja kona tu, macho ya bibi yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Kilikuwa kitambaa kilekile cha kijani, ila kila wiki kilifungwa kwa tabu zaidi, na sasa ncha za fundo zilikuwa zimebaki fupi mno. Wapita njia waligeuka kutazama. Mawazo naye aliwakazia macho hao waliogeuka mpaka wakaona haya na kushika njia yao.

Houda alikuwa na miaka tisa. Mafuta ya sambusa yalimmwagikia alipokuwa mdogo, yakamwachia upara upande wa kulia, kuanzia juu ya paji la uso hadi karibu na utosi, mahali pasipoota hata unywele mmoja. Daktari wa kliniki moja ndogo ya Kinindo, Sylvère, alikuwa amemwekea mfuko wa mpira chini ya ngozi, upande ule wenye nywele, na kila Alhamisi aliuongezea maji kwa sindano. Ngozi ikivutwa polepole huongezeka, alisema. Ikishatosha atautoa mfuko, ataukata upara, na ngozi yenye nywele ataivuta ifunike pengo. Mfuko wenyewe aliuomba kwa wenzake wa ng'ambo, wakampa huo mmoja tu. Malipo hakutaka, na labda ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kumsumbua kwa maswali.

Mawazo alithubutu mara moja.

"Dokta, hiyo ngozi itatoka wapi?"

"Bibi, weye ulizala batoto wangapi?"

"Saba."

"Bon. Tumbo yako ilikuwa inakuwa kubwa. Ngozi yake ililetwa na nani? Ilikuja yenyewe, kwa sababu mutoto alikuwa anaisukuma pole pole. Hii ni ile ile."

Mawazo akacheka, akaridhika. Lilikuwa jibu zuri, la mtu anayejua kusema na wazee, na ndilo lililokuja kuwaponza.

Maana Mawazo hakuwa bibi wa kukaa tu. Alikuwa mrumikaji, mtoa damu mbaya kwa pembe, na jina lake lilijulikana Bwiza nzima. Mwenye kichwa kisichoisha kuuma, mwenye mgongo, mwenye uchovu asioujua ulikotoka, wote walikaa kwenye kigoda chake. Aliwachanja chale ndogo, akaweka pembe ya ng'ombe, akavuta kwa mdomo kwenye tundu la juu, akaziba kwa nta, akangoja damu mbaya ipande. Kila mtu alileta wembe wake mpya, na asiyekuja na wembe alirudishwa nyumbani, hata akiwa shehe. Juu ya hilo hakuwa na mchezo.

Kwa hiyo binti yake Assia, mama yake Houda, alimwita chumbani siku ileile mfuko ulipowekwa.

"Mama, ile mufuko usiguse. Hata na kidole. Niapie."

"Wallahi sitaugusa."

Na Mawazo alikuwa mtu wa kushika neno lake.

*

Aibu ndogondogo zilianza kuingia nyumbani. Ustadhi wa madrasa aliomba Houda akae nyuma, kwa sababu wenzake walikuwa wakitazama kichwa badala ya kitabu. Wiki iliyofuata aliomba akae mlangoni. Kisha akatuma salamu kwamba mtoto apumzike nyumbani kwanza, mambo yake yakiisha atarudi. Houda alikaa uani akiuelekea ukuta, akasoma sura zake peke yake kwa sauti, na alipokosea alirudi mwanzo bila kuambiwa na mtu.

Jirani yao Sijaona aliacha kununua sambusa za Assia. Alisema pilipili imezidi. Pilipili hiyohiyo alikuwa ameila miaka na miaka akilamba vidole, na sasa alituma watu wakamnunulie mtaa wa pili. Lakini ulimi wake haukuacha kuja. Siku moja alimkuta Mawazo akisugua pembe zake kwa majivu, akasimama, akatabasamu.

"Mama Mawazo, weye unatoaka maumivu kwa vichwa vya Bwiza yote. Hiki cha kwako kimekushinda?"

"Hiki kiko na dokta wake."

"Aa. Sawa. Mi nilikuwa nauliza tu."

Aliondoka na tabasamu lake. Mawazo aliendelea kusugua pembe ambayo ilikuwa imeshatakata. Neno lile lilimuuma, tusifiche. Mtu akifanya kazi moja maisha yake yote, halafu nyumbani kwake akaambiwa kaa kando, moyo haukubali hata kama kichwa kinakubali.

*

Alhamisi ya kwanza ya Julai, mwaka 2003, daktari alitia maji mengi kuliko kawaida. Mjini watu walikuwa wakinong'onezana kwamba vita vitashuka kutoka milimani, naye aliogopa kwamba wiki itakayofuata barabara isingepitika. Assia alimweleza mama yake hivyo huku akimlaza Houda kwa ubavu, maana kwa upande mwingine hakuweza tena kulala.

Jumatatu mabomu yakaanza kuanguka kusini mwa mji. Kinindo yenye majumba na magari ikakimbiwa kama mitaa mingine yoyote. Watu walipita Bwiza na magodoro kichwani, wengine na funguo za nyumba mkononi. Kliniki ilifungwa, na daktari hakuna aliyejua alipo. Bwiza ilisikia mingurumo kwa mbali, ikaendelea kukaanga na kuuza, kwa sababu waliokimbia nao walihitaji kula.

Jumanne asubuhi Houda akaanza kulia. Ngozi ya juu ya uvimbe ilikuwa imekaza, inang'aa, na katikati imepauka.

"Inauma namna gani?" Assia akamuuliza.

"Ni kama mutu anavuta nywele yote mara moja, halafu haachilii."

Assia alizima jiko. Mtu mmoja aliyekuwa akifagia kliniki ile, aliyepita na godoro lake, alikuwa amemwambia kwamba daktari ana kaka yake mtaa wa Gihosha. Gihosha ni kubwa, lakini mdomo alikuwa nao.

"Mama, mi naenda kumutafuta. Nitauliza nyumba kwa nyumba. Basi weye..."

"Nimekwisha kuapa, Assia. Unataka niape mara ngapi?"

*

Alasiri Houda aliacha kulia, na hapo ndipo Mawazo alipoogopa kwelikweli. Mtoto anayelia ana nguvu. Huyu alilala kwenye mkeka, macho ameyafumba, midomo imekauka, na kila bomu lilipolia kule kusini alikunja vidole vya miguu. Assia hakuwa amerudi. Mawazo alianza kufikiri kwamba pengine barabara imefungwa, pengine daktari amekwisha kuvuka mpaka, na akili yake ikaanza kuzunguka kwenye maneno ya yule yule daktari. Tumbo la mama, alisema. Basi Mawazo alikuwa amezaa mara saba, na alijua kwamba tumbo likianza kuuma namna hii kuna kitu kinataka kutoka, na kikizuiwa huua.

Mfuko hakuugusa. Alipitisha vidole mbali nao, kwa heshima, akashuka shingoni, akapanda nyuma ya sikio, na hapo vidole vikakutana na kitu. Kilikuwa kigumu, cha mviringo, chini ya ngozi, ukubwa wa kifungo cha koti. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari zake.

"Houda. Hapa ni nini?"

"Ni hapo dokta anachomaga sindano," mtoto akajibu bila kufumbua macho.

Mawazo akashusha pumzi. Sasa alielewa, au alidhani ameelewa. Sindano kila wiki, pahali pamoja, na damu ya hapo hakuna aliyeitoa. Imelala, imeganda, imekuwa jiwe, nalo jiwe ndilo linalomtesa mtoto. Hili halikuwa jambo la madaktari. Lilikuwa kazi yake hasa, ameifanya kwenye mabega na migongo isiyohesabika, na halikuwa na uhusiano na mfuko alioapa kutougusa.

"Nikutolee hiyo damu, mama?"

"Itaacha kuuma?"

"Itaacha."

"Basi toa, bibi."

Alichukua wembe mpya, akaufungua kwenye karatasi yake. Akachagua pembe ndogo kuliko zote, ile ya watoto. Alisema bismillahi, akachanja chale tatu juu kidogo ya kile kitu kigumu, akabandika pembe, akainama, akavuta.

Damu mbaya huja polepole na ni nzito, hata kwenye pembe utaisikia uzito wake. Kilichokuja kilikuja upesi na kikamjaa mdomoni. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa na chumvi. Mawazo aliruka nyuma, akatema uani, akaona maji meupe yenye uzi mmoja tu wa damu. Aliporudi, pembe ilikuwa imeanguka na maji yalikuwa yakimtiririka mtoto shingoni hadi kwenye mkeka. Alibana kwa kidole, alibana kwa kanga, lakini maji yalikuwa yameshapata njia. Mbele ya macho yake uvimbe ulianza kunywea, taratibu, ngozi ikajikunja.

"Bibi," Houda akasema, na uso wake ukalegea. "Imeacha."

Akalala palepale, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu jana.

Mawazo alibaki ameishika pembe. Hakuwa mjinga. Ndani ya ile ngozi kumbe kulikuwa na mrija uliotoka kwenye kile kitu kigumu ukaenda kwenye mfuko, na wembe wake ulikuwa umeugusa. Miezi yote ile ya Alhamisi, kitambaa kisichotosha, madrasa, Sijaona, vyote mtoto alivumilia ili apate nywele, na bibi yake amevitema uani pamoja na maji. Mfuko mwingine haupo. Alitamani mtoto asiamke upesi, kisha akaona haya kwa kutamani hivyo.

Houda alipoamka alijipapasa kichwa. Alielewa haraka kuliko ilivyompasa mtoto.

"Mi nitasema nilianguka," akasema.

"Houda..."

"Nitasema nilianguka, bibi. Mama atakufukuza."

Akaenda kwenye kapu la nguo, akatoa kanga kuukuu ya bibi yake, akaikunjakunja mpaka ikawa donge, akaiweka pale palipokuwa na uvimbe na kufunga kitambaa cha kijani juu yake. Ule uvimbe uliomfukuzisha madrasa, sasa alikuwa akiutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mawazo alimtazama, asimzuie.

*

Assia alirudi kabla ya magharibi, vumbi hadi magotini. Daktari amepatikana, yuko kwa kaka yake, kesho asubuhi wampelekee mtoto. Alimgusa Houda paji la uso, akakuta hana joto, hana maumivu, akamshukuru Mungu mara tatu. Kitambaa hakukifungua, asije akamwamshia uchungu. Maneno yalimjia Mawazo mpaka kwenye meno, akayameza. Alijiambia kwamba daktari akiutengeneza mfuko, hakutakuwa na haja ya kusema.

Asubuhi alijifunga kanga, akatoka nao.

"Mama, miguu yako itafika Gihosha?"

"Itafika."

Sebule ya kaka yake daktari ilikuwa imejaa magodoro ya ndugu waliokimbia kusini. Daktari Sylvère, hajanyoa, amevaa shati la kuazima lililompwaya, alimkalisha Houda dirishani penye mwanga na kufungua kitambaa. Kanga iliyokunjwa ikaanguka sakafuni.

Assia alitoa sauti moja tu, kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

"Nilianguka," Houda akasema upesi. "Nilianguka kwa ngazi, dokta."

Nyumba yao Bwiza haikuwa na ngazi, na wote watatu walilijua hilo. Lakini daktari hakuwahi kufika Bwiza. Aliinua ngozi iliyolegea kwa vidole viwili, akatazama katikati palipopauka, akatikisa kichwa.

"Pole, chérie. Pengine mufuko imetoboka, pengine ni tuyo, ile mrija yake, imechomoka tu. Ngoja. Nitatia maji kidogo na sindano, tuone kama inashika."

Akaanza kunawa mikono kwenye beseni. Mawazo aliona sindano imelala juu ya kitambaa cheupe, ndefu, inangoja, na akajua itapita wapi. Itapita palepale alipochanja. Kitakachokuwa pale, cha wembe, cha mdomo wake, kitaingia ndani na maji. Hilo halikuhitaji kusoma. Mtu asiyemruhusu mteja wake kutumia wembe wa mwenziwe analijua vizuri.

Angeweza bado kunyamaza. Mtoto alikuwa ameshamjengea ukuta wa kujificha.

"Dokta, usichome," akasema. "Hakuanguka. Mi nilimurumika."

Maji yaliacha kulia kwenye beseni.

"Wapi?"

"Hapo nyuma ya sikio. Nilifikiri ni damu imelala. Mufuko sikuugusa, nilikuwa nimeapa."

Daktari akakaa kwenye godoro. Baadaye akainuka, akasogeza sikio la Houda, akazitazama zile chale tatu kwa muda mrefu.

"Wembe ilikuwa mupya?"

"Mupya. Kila mutu na wembe yake."

"Na ulivuta na kinywa."

"Na kinywa."

Alijifuta uso kwa mkono uliolowa. Alisema kwamba kama angetia maji leo, uchafu wote ungeingia ndani, na ngozi nzima ingeoza ikapotea. Kisha akaendelea bila kuwatazama.

"Na mi pia. Alhamisi nilitia mingi sana. Niliogopa vita, nilitaka kuwahi. Hii ngozi hapa katikati ilikuwa imeanza kufa. Ile maji ilitakiwa kutoka, bibi. Mi ningeitoa kidogo, na sindano. Weye umeitoa yote na pembe."

"Kwa hiyo munasifiana?" Assia akasema. Hakumwambia mama yake wala daktari. Aliuambia ukuta.

Daktari aliifunika sindano kwa kile kitambaa cheupe.

"Hatuwezi kungoja tena," akasema. "Ngozi ikiachiliwa inarudi. Nitaomba chumba cha opération kwa rafiki yangu hapa mujini, nimufanyie na hii tuliyo nayo. Lakini haitafunika yote. Itabaki kidole moja bila nywele."

"Kidole ya nani?" Assia akauliza.

Daktari alilaza kidole chake cha shahada juu ya upara wa Houda, kutoka paji la uso kwenda utosini. Assia alikitazama kidole kile, akakitazama, halafu akafunga kitambaa cha binti yake na kutoka nje bila kumngoja mama yake.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri, na ukabaki ule mstari wa kidole kimoja, kama daktari alivyosema.

Wiki za mwanzo Assia alisema na mama yake kupitia kwa mtoto, wote watatu wakiwa chumba kimoja. "Mwambie bibi yako chakula iko tayari." Baadaye alisema naye yale ya lazima, chumvi iko wapi, nani amebisha hodi. Mawazo hakujitetea. Jioni moja alifikiri kuzitupa pembe, akazifunga kwenye gazeti, lakini kesho yake alikuja mzee Twahiru na kichwa chake cha miaka yote, naye akazifungua. Ila kabla ya kumchanja alimpapasa nyuma ya masikio, moja, kisha la pili.

"Iko kitu dokta alikuwekea mu kichwa?"

"Apana, mama. Atanitiaka nini mu kichwa?"

"Mi nauliza tu."

Tangu siku ile hakumgusa mteja bila kumpapasa masikio kwanza, hata aliyekuja kwa ajili ya goti. Bwiza ilicheka sana. Vijana walipopita kibarazani walijishika masikio na kupiga kelele kwamba wao wazima. Sijaona alirudi kununua sambusa, akasema siku hizi pilipili imepungua. Assia alizifunga kwenye karatasi, akampa.

Nywele zikaota, chache kidogo kuliko upande wa pili, lakini zikaota. Houda alirudi madrasa akakaa safu ya mbele, na sura zake zote alizijua.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, alasiri, wasichana wa mtaa walikaa vibarazani wakisukwa kwa ajili ya Idi. Houda hakuwahi kusukwa kichwa kizima maishani mwake. Assia alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, maagizo ya sambusa yamemzidi. Aliosha mikono, akatoka na kitana na mafuta ya nazi, akasimama mbele ya mama yake. Kisha akaviweka mapajani pake.

"Anzia pale penye haiote, mama. Ifanye iwe njia."

Houda akajikalisha katikati ya magoti ya bibi yake. Mawazo alishika kitana, akapitisha vidole kwenye nywele zile, na vilipofika nyuma ya sikio vikakuta vikovu vitatu vidogo, vikasimama. Assia naye alikuwa hajaondoka.

"Hapo nitavuta pole pole," Mawazo akasema. "Unataka nikuapie?"

Assia akatikisa kichwa, macho yamemjaa maji.

"Apana, mama. Usiape tena. Uniulize tu."

Mawazo aliipasua njia ya kwanza kwa ncha ya kitana, kufuata ule mstari wa kidole kimoja. Akasimama, akainua macho.

"Hapa?"

"Hapo," Assia akasema, akakaa chini kando yao, unga ungali mkavu kwenye viwiko vyake.